Kwilti ya viraka vya khanga na kitenge: mshono wa mashine niupige kwa njia gani? (nimekwama)

mshona_usiku
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Nina kazi imenikwamia katikati. Bibi alipofariki tuligawana khanga zake, mimi nikachukua zile kuukuu ambazo hakuna aliyezitaka, nikachanganya na mabaki ya vitenge kutoka kwa dada yangu ambaye ni fundi, nikakata viraka vya inchi 6 na nusu, ukishaviunga vinabaki 6. Kwenda upana viraka 12, kushuka 14, jumla 168. Upande wa juu umeisha, ni inchi 72 kwa 84. Ni zawadi ya mama, yuko Njombe, na baridi ya kule Juni Julai mnaijua.

Kwa katikati nimenunua fiba, ile ya kukata kwa mita wanayotumia mafundi sofa, nyembamba yake. Chini nina shuka la pamba. Sasa nilipokwama ni kwenye ule mshono wa kushikanisha tabaka zote tatu. Youtube ndo imenivuruga kabisa, huyu anapita juu ya maungio ya viraka, huyu anapiga mistari, mwingine anachora maua na mashine kama vile ameshika kalamu, na kusema kweli mimi moyo wangu uko kwenye maua 😅. Ila nikajiambia nipite kwenye maungio tu, naona ndo rahisi na mshono hauonekani. Mashine ni ya umeme ya nyumbani, mtumba, ina zigzagi. Niambieni kabla sijaharibu khanga za watu.

Kapuku255
Blanketi Kariakoo zimejaa dada. Unajitesa

mshona_usiku
Asante Kapuku kwa mchango wako mzito

BintiBondeni
Hongera dadangu, huku Mombasa wazee wakiita mfarishi hiyo. Lakini nani alokwambia kupita kwenye maungio ni rahisi? Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote! Ule mstari wa maungio ni mwembamba kama unywele, sindano ikiteleza milimita moja tu mshono unapanda juu ya kiraka na kila mtu anauona, na wewe una maungio 11 ya kushuka na 13 ya kukatiza. Mstari ulopigwa katikati ya kiraka ukiyumba kidogo hakuna ajuaye.

Halafu nijibu maswali mawili. La kwanza, ulipopiga pasi maungio uliyalaza upande mmoja au uliyapasua yakaenda huku na huku? La pili, hiyo fiba ilikuja na maelezo yoyote?

mshona_usiku
Niliyapasua da Binti, huku na huku, dada alisema ndo yanalala vizuri. Fiba haina maelezo, ilikatwa kwenye roli.

BintiBondeni
Basi maungio yafute kichwani. Ukilaza upande mmoja, upande wa pili unakuwa chini kidogo na hapo ndipo sindano hupita, inashika kitambaa chenyewe. Ukipasua, katikati ya maungio hakuna kitambaa chochote, ni ule uzi tu ulounganisha viraka, sasa sindano inatoboa pale penye uzi, siku mbili tatu unaanza kukatika na viraka vinafumuka. Kwa nguo dadako yuko sawa kabisa, maungio yaliyopasuliwa yanalala. Kwa kwilti ya kupita maungioni la.

Na fiba isiyo na maelezo mimi siiachi wazi zaidi ya kiganja, yaani inchi 4. Ikiachwa wazi sana ukifua inajikusanya pembeni inakuwa mabonge. Wewe maungio yako yako mbali inchi 6. Kwa hiyo hata ungeyapita yote bado hujafika.

mshona_usiku
Duh. Kwa hiyo kile nilichoona rahisi kimekufa kwa sababu mbili. Basi maua jamani 😁

FundiMakame
Marahaba mwanangu. Mimi natumia cherehani ya miguu mpaka leo, umeme ukikatika mie naendelea. Hiyo ya maua inaitwa frimosheni na nimeipiga sana kwenye mito, wacha nikueleze ilivyo ndipo uamue.

Cherehani inavuta kitambaa kwa yale meno ya chini. Kwenye frimosheni meno unayashusha, au kama mashine haishushi unaweka urefu wa mshono sifuri na kuyafunika kwa kipande cha kadi ngumu chenye tundu la sindano. Unaweka mguu wa kudarizi wenye springi, unaruka ruka na sindano. Kuanzia hapo mashine haijui urefu wa mshono tena, urefu ni mikono yako. Mguu wako ukikanyaga haraka na mikono ikienda taratibu unapata vijimshono kama mchanga, mikono ikikimbia na mashine imelala unapata mishono ya nusu inchi inayonasa kucha. Na pale penye kona watu wote huharakisha mikono, geuza upande wa chini uone, uzi umechomoza vijinywele kama kope. Watu wanalaumu mashine ilhali ni mikono.

Cherehani ya kuzungusha kwa mkono kwa kazi hii ni bure, mkono mmoja unashika gurudumu, utaongoza kitambaa na nini. Ya miguu na ya umeme sawa, mikono yote miwili iko huru.

Sasa tatizo lako wewe sio maua. Tatizo ni kwamba una mzigo wa inchi 72 na pale kati ya sindano na shingo ya mashine pana inchi 6 au 7 tu. Ukifika katikati ya kwilti, nusu nzima, inchi 36 zenye fiba ndani, inabidi ikunjwe kama mkeka ipite kwenye ule upenyo. Huo mzigo kuusukuma mbele na nyuma tu ni kazi, kuuzungusha kufuata ua ni kazi nyingine. Mto unazungushika. Kwilti ya kwanza maishani mwako, ya kitanda kizima, kwenye khanga za marehemu, hapana mwanangu. Jifunze maua kwenye mito.

nyuzi_na_pini
Fundi amemaliza kila kitu aki. Mimi niko Nairobi na nimefinish kwilti nne, ya kwanza nilipiga frimosheni na nikalia, ya pili nikanunua wokingi futi na sijarudi nyuma. Hiyo ni mguu wa mashine wenye meno yake pia upande wa juu, so kitambaa cha juu na cha chini vinavutwa pamoja. Mguu wa kawaida unakandamiza juu tu na meno yanavuta chini, kwa hiyo tabaka la juu linasukumwa mbele linafika mwisho likiwa refu kuliko la chini na unapata makunyanzi.

Kabla hujanunua pima mashine yako. Shusha mguu, pima kutoka kwa ile skrubu inashika mguu hadi kwa bati. Ikiwa nusu inchi hadi robo tatu hiyo ni shingo fupi, na miguu mingi ya bei nafuu inaingia. Ikiwa inchi nzima ama zaidi ni shingo ndefu, usinunue kwa kukisia. Na uhakikishe ule mkono wake wa pembeni unakaa juu ya skrubu ya sindano, huo ndio unaendesha meno ya juu. Mimi wiki nzima nilikuwa nimeuweka chini nikiambia watu hiyo kitu haifanyi kazi 🤦🏾‍♀️

Mswahili_theluji
Mimi niko Minnesota, huku mtu akishamaliza kuunga viraka anapeleka kwa mwenye longiamu, ile mashine kubwa ya kwenye fremu, kitambaa kimetandazwa kwenye rola hakisogei, kichwa cha mashine ndio kinatembea juu yake. Hupigi hata bandi, ile mishono ya muda ya kushikilia, tabaka zinashikwa na fremu. Wanachaji kwa inchi ya mraba. Mimi nililipa senti 2 kwa inchi mchoro rahisi kuliko yote. Hiyo yako ni inchi za mraba 6,048, ingekuwa kama dola 121, na bado uzi na kodi.

Kapuku255
121 🤣🤣 blanketi ngapi hizo

mshona_usiku
Kapuku leo nakuunga mkono. Dola 121 kwa khanga kuukuu hapana.

Nimepima, shingo fupi. Wokingi futi nimeulizia Kariakoo nimeambiwa njoo kesho, mnajua maana yake. Sasa mistari ipigwe vipi, nikichora kona kwa kona kila kiraka si itapendeza kama almasi?

nyuzi_na_pini
Itapendeza na kwa hesabu inakaribia kutosha, kiraka cha 6 ukipita kona kwa kona mistari inakuwa mbali inchi 4 na robo hivi. Lakini kuna shida mbili. Moja, unashona mshazari, na kitambaa mshazari kinavutika kama raba, hasa khanga iliyochoka. Mbili, macho yanatarajia mstari ugonge kona haswa. Ukikosa kona moja kati ya zote hizo, hiyo ndo utakuwa ukiangalia kila siku.

Mimi ningepiga mawimbi. Wimbi refu la pole pole kutoka juu hadi chini, unageuza kitambaa kidogo kushoto, kidogo kulia, na wokingi futi inaweza bora usikate kona kali. Wimbi moja katikati ya kila safu ya viraka na lingine linacheza cheza karibu na maungio. Hapo yako mbali inchi 3, fiba imeshikwa, hakuna kona ya kugonga, hakuna mahali mtu ataweka rula akuambie umekosea. Ni mistari 23 ya inchi 84 kila moja, kama mita 49 za mshono. Hiyo ni weekend mbili.

FundiMakame
Mawimbi naunga mkono. Naongeza, urefu wa mshono 3, usiache kwenye 2 na nusu ya nguo kwa sababu fiba inameza. Sindano namba 90, mpya, kitenge kimeshonana sana kinaua sindano upesi. Ukianza kusikia tok tok badilisha usisubiri ivunjike.

Na suala la bandi. Wengine wanasema pini. Pini za nepi kila inchi 4 kwenye kwilti hii zinakaribia 380, unazo? Piga bandi kwa mkono, uzi wa rangi inayoonekana, mishono mirefu, mistari mbali kiganja. Shuka la chini tandaza sakafuni upande mbaya juu, ligandishe pembeni na selotepu, limenyooka ila halijavutwa. Fiba juu yake, halafu viraka. Shuka na fiba vizidi viraka inchi 4 kila upande, maana mashine inakula. Usiposhika bandi vizuri hata ukiwa na huo mguu wa Nairobi utatoa makunyanzi tu.

BintiBondeni
Na uanze katikati uende nje, nusu ya kulia kwanza halafu ugeuze. Kuna Wasidi wa Karnataka kule India, watu wenye asili ya Afrika, wao wana mfarishi wao waita kawandi, nao hufanya kinyume, huanzia pembeni na kuzunguka kuingia ndani mpaka katikati, kwa mkono, na viraka wavipachika papo hapo wanavyokwenda. Wao yawezekana kwa sababu hawana kitambaa cha juu kilokwisha kuungwa, kiraka chakatwa kulingana na nafasi ilobaki. Wewe cha juu umeshakiunga, ukianzia pembeni kile kitakachozidi chote kitakukusanyikia katikati.

Swali langu kwako, viraka vya khanga uliviweka jina? Maana khanga bila jina ni kitambaa tu.

mshona_usiku
Da Binti umegusa penyewe. Viraka vinne vina maneno. Khanga ya Mama nipe radhi kuishi na watu kazi niliikata ikapita kwenye viraka vitatu vilivyofuatana, ndo nimeiweka safu ya mwisho chini. Nyingine neno moja tu limebaki. Sitaki mshono upite juu ya maandishi. Halafu khanga yenyewe ni laini mno, imefuliwa miaka, na jirani yake ni kitenge kigumu kama kadi.

BintiBondeni
Ungeitia wanga kabla ya kukata, wa muhogo, ikakaza ikawa sawa na kitenge. Sasa hivi geuza nyuma ya vile viraka dhaifu upige pasi gamu nyembamba, ile ya kola za mashati, kabla hujatandaza fiba. Kwa maandishi, wimbi likifika juu ya jina simama ukate uzi, uliendeleze chini yake. Jina litaumuka kidogo lisomeke vizuri zaidi.

fundi_wa_mtaa
mi naona mnamsumbua bure. funga mafundo. zigzagi urefu sifuri piga mara kumi pale pale kila inchi 4, hamia pengine. siku moja imeisha. hakuna wokingi futi wala nini

nyuzi_na_pini
Hii si mbaya kwa kweli, kama fiba ni nene sana ningesema hivyo hivyo. Lakini kwa khanga iliyochoka uzito wote unavuta kwa kidoti kimoja na hapo ndo inararuka. Mstari unasambaza mvuto.

FundiMakame
Sahihi. Mafundo ni ya kitambaa kigumu.

mshona_usiku
Nimeamua mawimbi. Wokingi futi nimepata siku ya tatu. Leo nimetengeneza sandwichi ya majaribio, vipande vya mabaki yale yale, fiba ile ile, na nashukuru nilijaribu maana uzi wa bobini, ule wa chini, ulikuwa unachungulia juu vidoti vidoti. Nilitaka kuwaita humu nikakumbuka fundi alisema watu wanalaumu mashine 😂 nikalegeza kile kigurudumu cha uzi wa juu, namba 4 kwenda 3, vikazama. Bandi nimepiga siku mbili, magoti yamekufa.

mshona_usiku
Ripoti. Mistari 9 imeingia. Mzigo ni mzito wakuu, fundi hukusema uongo, nimesogeza meza ikaegemea ukuta na kuweka ya pili kushoto ili kwilti isining'inie, ikining'inia inavuta sindano. Glovu za jikoni za mpira zimenisaidia kushika, mikono ilikuwa inateleza.

Ila kuna kitu. Mstari wa kwanza nilishuka, wa pili nikapanda, wa tatu nikashuka, na kati ya mistari kitambaa kimejikunja mshazari kama vile mtu amekivuta huku na huku.

nyuzi_na_pini
Ndio hiyo ndio inaletwa na kushuka na kupanda. Kila mstari unasukuma kitambaa kidogo upande unaoenda, ukipishanisha mwelekeo inavutana. Anza yote juu, malizia chini, hata kama ni kurudisha mzigo mzima kila mara. Imekunjika sana?

mshona_usiku
Ya pili na ya nne inaonekana. Nifumue?

FundiMakame
Ya pili fumua. Ya nne acha kama ni kidogo, ikifuliwa itajikunja yote itafanana.

mshona_usiku
Nimefumua zote mbili. Khanga za bibi.

Kapuku255
Uzi umefika wapi dada, mbona kimya

mshona_usiku
Kapuku unafuatilia kumbe!! Imeisha jana saa saba usiku. Mistari 23, sindano tatu, moja ilivunjika pale kwenye maungio manne yanapokutana. Nimezungushia ukanda wa kitenge cheusi pembeni. Nimeifua maji baridi peke yake, kitenge chekundu kilitoa rangi kidogo kwenye maji ila haikushika pengine. Imekunjamana ile ya kupendeza. Inaenda Njombe na basi la Ijumaa.

BintiBondeni
Mashaallah. Na jina?

mshona_usiku
Linasomeka lote da Binti, mawimbi yameishia juu yake yakaendelea chini, limeumuka kama ulivyosema. Tatizo niliweka safu ya miguuni, mama amepiga simu leo anasema ameigeuza, miguuni ndo imekuwa kichwani, anasoma akiwa amelala. Sasa maua yote ya vitenge yameinamisha vichwa chini 😂

FundiMakame
Tupe picha ya nyuma. Mbele kila kwilti inapendeza.

mshona_usiku
Mzee nyuma hapana jamani

FundiMakame
Nyuma.

mshona_usiku
Haya. Nilipiga kabla haijaondoka, nilijua tu utaiomba. Ile kona ya juu kushoto msiiangalie.